Ekra Mbili za Préfet wa Beu

Vijana, mnapofunga ekra ya pili siku hizi, skrini kama wasemavyo wengine, natazama mikono yenu na kucheka peke yangu. Kamba moja nyembamba, unaisukuma mahali pake, mashine yenyewe inakuuliza unataka nini, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Juzi kijana mmoja hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, alifunga ekra tatu mfululizo huku simu iko begani, anambembeleza mchumba. Nilijishika kiuno tu. Ekra za wakati wangu zilikuwa na tumbo nyuma kama mama wa miezi minane, na kila moja niliyoibeba kati ya Butembo na Beni bado iko hapa mgongoni mwangu.

Kazi hiyo nimeiacha. Tangu niiache nimezunguka: Kasindi, Bunia, Kisangani, Kampala miaka miwili. Kila mahali najiambia hapa nitatulia, halafu nasikia lori linapashwa moto alfajiri na miguu inaanza kuwasha. Mwezi huu niko Butembo tena, nalala nyuma ya atelier, karakana ya vijana wawili wanaotengeneza ordinatere, yaani kompyuta kama wanavyosema majirani zetu wa Uganda. Wao ndio walioniomba niandike. "Lakini usijisifu, Papa," wakasema. Wasiogope. Habari kubwa niliyo nayo ni ya kosa langu mwenyewe.

Mwalimu wangu alikuwa Papa Siméon, fundi wa redio na televisheni, mtu wa misa ya kila asubuhi ambaye hata hivyo hakuwa na subira ya kungoja maji yachemke. Nilifika kwake nikitoka Luofu, nina diploma ya sekondari mfukoni, na vita vimeniziba njia ya kwenda mbele. Siku ya kwanza alininyooshea kidole cha mkono wa kulia. Kilikuwa hakikunjiki.

"Unaona hiki? Ni ekra ilikikula. Ilikuwa imezimwa siku mbili."

"Imezimwa, Papa?"

"Imezimwa. Ekra ikizimwa hailale. Iko nakungoja. Ule mugongo yake usifungue, hata mutu akuambie bibi yako eko ndani."

Sikuwa nimeoa wakati huo, lakini mgongo wa ekra sikuufungua.

Somo lake la pili lilikuwa la baridi. Butembo ni juu, Beni ni chini na kuna joto. Ukiitoa ekra hapa asubuhi ukaifikisha Beni mchana, inatoka jasho. Ukiiwasha na jasho lake umeiua. Iache saa mbili imefunikwa blanketi, wewe kaa, ule, usalimie watu. Wateja wengi wa Beni walinidhani mlafi kwa sababu hiyo, na sikuwasahihisha.

La tatu nilijifunza kwa aibu. Ekra mbili katika nyumba moja zilikuwa kitu cha ajabu wakati ule, na mtu wa kwanza kunipa kazi hiyo alikuwa mfanyabiashara anayeagiza vitambaa Dubai. Alizitaka mbili kwa sababu jirani yake alikuwa na moja. Nikazipanga mezani shavu kwa shavu, nikawasha, na picha zote mbili zikaanza kutetemeka kama maji ndani ya beseni juu ya lori. Nikabadili kamba. Nikalaumu jenereta. Nikalaumu fundi wa jenereta, ambaye alikuwa amesimama pale pale. Mwishowe wakamwita Papa Siméon. Aliingia, akatazama. Akaisukuma ekra moja kando, kiasi cha mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Mtetemeko ukakoma.

"Kila moja iko na nguvu ya sumaku yake," akasema. "Ukizilalisha kitanda kimoja zinapigana."

"Kumbe ni kama bibi mbili," akasema mama mwenye nyumba, huku akimtazama mumewe. Yule mfanyabiashara akapatwa na kikohozi ambacho kilidumu hadi tukaaga.

Halafu kuna ndani ya mashine. Leo hamfungui hata kifuniko. Sisi kila ekra ilihitaji kadi yake, kipande cha bati na plastiki unachokichomeka ubavuni mwa mashine kwa bisibisi na sala. Kadi ya pili ikikaa vizuri, unaiambia mashine itandaze meza yake hadi kwenye ekra ya pili. Hapo inakuchorea viboksi viwili, cha kwanza na cha pili, na wewe unavipanga kama ekra zilivyo mezani. Ukikosea, ile souris, panya wa plastiki, unampeleka kulia anatokea kushoto, na mteja anaanza kukuangalia kama mchawi. Mashine haina macho. Haijui ekra ya pili iko upande gani, haijui hata kama ipo. Inaamini ulichoiambia, na itaendelea kuamini hadi uiambie vingine. Niliwahi kuwaeleza wateja maneno hayo kwa ufasaha mkubwa, nikiwa mimi mwenyewe sijayaelewa.

Préfet kwetu ni mkuu wa shule ya sekondari. Préfet Tshibangu alikuwa mtu wa Kasai, ametumwa na serikali miaka ya nyuma kuongoza shule moja ya Beni, na vita vikamkuta huko. Serikali iliyomtuma ikabaki upande wa pili, waasi wakatawala upande wetu, askari wao wakalala katika madarasa yake. Madaftari ya pointi, yaani alama za wanafunzi, waliyafanya kuni za kupikia maharagwe. Bahati ilikuwa moja: préfet alipenda ordinatere, pointi zote alikuwa amekwisha kuziingiza ndani, na mashine yenyewe alikuwa ameihamishia nyumbani kwake, katika commune, yaani mtaa, wa Beu, juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, chini ya sombe, majani ya muhogo.

Mwaka ule wanafunzi wake wa mwaka wa sita walikuwa arobaini na mmoja. Ili waandike mtihani wa serikali, kila mmoja alihitaji pointi zake za mwaka wa tano na za mwaka wa sita katika orodha moja, ipigwe mhuri na inspection, ofisi ya ukaguzi wa shule, hapa Butembo. Bila orodha hakuna mtihani, na bila mtihani miaka sita ya sekondari haina jina.

Mmoja wa wale arobaini na mmoja alikuwa dada yangu Kahindo, aliyekaa Beu kwa shangazi yetu. Baba yetu huko Luofu alikuwa ametamka: amalize mwaka huu, ama akubali mbuzi za watu waliokwisha kuja kubisha hodi na kuzifunga uani kwetu. Mbuzi ndizo mahari kwetu. Yule mchumba hakuwa mtu mbaya. Yeye na Baba walibatizwa siku moja, wote wakiwa wachanga.

Préfet aliponiita nimfungie ekra ya pili, alinikalisha kwanza anieleze shida yake.

"Bantu ba huku, Mungu aliishiwa na majina? Mu classe moja niko na ba-Kambale sita, ba-Kavira tano, ba-Kasereka saba. Nikifunga pointi za mwaka wa tano ili nifungue za sita, nimesahau nilikuwa ku Kambale gani. Juzi nilimupa Kavira mumoja mathématiques ya Kavira mwingine. Alifurahi sana. Yule mwingine, hapana."

"Ni namna yetu, Monsieur le préfet. Kambale ni mutoto mwanaume wa pili. Kasereka ni wa tatu, miye niko Kasereka. Kahindo ni binti mwenye anakuja kisha bavulana."

Akavua miwani. "Donc, kumbe si jina. Ni numéro."

"Ni numéro, mais yenye baba na mama banapenda."

Mkewe, Mama Ngalula, akacheka akiwa jikoni. "Nilikuambia. Ulikuwa nafikiri ni familia moja kubwa."

Basi ndiyo sababu alitaka ekra mbili: kushoto mwaka wa tano, kulia mwaka wa sita, macho yapite kati bila kusahau Kambale gani. Alikuwa na ekra yake kubwa. Ya pili nilimwazima yangu ndogo, na kuifikisha kwake kulikuwa kazi. Lori lilinasa kwenye tope kabla ya kizuizi cha askari. Mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani aliniona nilivyoikumbatia ile ekra, akanihurumia, akanipokonya. Akaifunga kwa kamba yake, kamba ikapita juu ya paji la uso kama wanavyobeba kuni, akatangulia. Mimi nikamfuata nimebeba jembe lake.

Pale kizuizini askari mmoja akamsimamisha, akaigusa ekra. "Mama, oyo nini?"

"Sijue. Ni ya huyu wa mikono laini."

Askari akanigeukia. "Ni phonie?"

Phonie ni ile redio ya kuzungumzia na watu wa mbali, na siku zile kukutwa nayo njiani ni kuitwa mpelelezi. Nikajibu mbio: "Hapana, chef. Ni kama télé, mais haina antena."

"Télé bila antena inaonyesha nini?"

"Pointi za batoto ba masomo."

Akainua mti wa kizuizi. "Basi za kwangu usionyeshe. Pita."

Niliifunga kwa préfet siku ile ile, baada ya saa mbili za blanketi na sahani mbili za Mama Ngalula. Ekra kubwa kushoto, ndogo kulia, mkono na nusu kati yao. Préfet akakaa mbele yake kama padri mbele ya misale. Kwa wiki tatu hakuna Kavira aliyepewa hesabu za mwenzake.

Sasa lile kosa. Mwisho wa wiki hizo tatu nilipita Beni kwa kazi nyingine. Préfet akaniambia majina yote ameyaunganisha, bado kuyapitia na kuyatoa kwenye karatasi. Mimi nilikuwa na haraka. Ekra ya maternité moja, hospitali ya kuzalishia, ya Butembo ilikuwa imekufa, na ile ndogo yangu nilikuwa nimewaahidi wao. Jenereta ya préfet haikuwa na mafuta siku hiyo, mashine imezimwa, haiwashiki. Nikachomoa kamba ya ekra ndogo, nikaifunga blanketi, lori likapiga honi, nikaondoka. Kadi ya pili niliiacha ndani. Mashine sikuiambia kitu.

Siku ya nne nilikuwa kwa mfanyabiashara mmoja hapa Butembo mwenye phonie ya kupokea habari za bidhaa. Sauti ikaanza kukwaruza, kila mmoja akimaliza anasema À vous, zamu yako.

"Butembo, Butembo, huku Beni. Muambie Kasereka wa ma-ekra, liste ya préfet imekufa. À vous."

"Nani amekufa? À vous."

"Liste. Liste ya batoto ba mwaka wa sita. Iko vide, tupu. Inspection inafunga samedi. À vous."

"Na préfet, atazikwa lini?" akaingilia mama fulani wa Lubero, ambaye hakuna aliyemwita.

Ilikuwa Jumatano, na samedi ni Jumamosi. Nilipofika atelier ya mwalimu wangu, soko lilikuwa tayari linamlilia préfet. Papa Siméon hakulia. Aliniuliza tu, "Mara ya mwisho ulifanya nini kule?"

"Nilibeba ekra tu, Papa."

"Tu?"

"Tu."

"Mutu akisema tu mara mbili, kuko kitu. Kamata bisibisi, uende."

Njia nzima niliwaza. Niliwaza virusi, niliwaza diski imeoza, niliwaza panya wa kweli ndani ya mashine. Kosa langu sikuliwaza hata mara moja. Hivyo ndivyo kosa la fundi lilivyo, linakaa mahali ambapo fundi ameridhika napo.

Kahindo alikuwa ananingoja mlangoni kwa préfet, amevaa sare, nyeupe na bluu.

"Yaya, ni kweli?" Kaka mkubwa kwetu ni yaya.

"Sijaona bado."

"Baba akisikia..."

"Hatasikia."

"Phonie inafika mpaka Luofu, Yaya. Atakuwa anahesabu mbuzi sasa hivi."

Ndani, préfet alikuwa amekaa mbele ya mashine, shati limemlegea shingoni. Hakunisalimia kwanza.

"Ni miye," akasema. "Dimanche, siku ya Mungu, mashine iliniuliza kitu. Nikabonyeza Oui, ndiyo, bila kusoma. Miye, mwenye nagombeza batoto kila siku basome swali mbele ya kujibu."

Aliponionyesha, nikaelewa hofu yake. Jina la orodha lilikuwa palepale. Unaligonga mara mbili, mashine inafikiri, inanguruma, na hakuna kinachotokea. Ekra inabaki na picha yake ya kila siku, ziwa na milima ya nchi nisiyoijua. Chini kabisa, kwenye ule mstari wa majina, inaonyesha kwamba orodha imefunguka. Unagonga jina hilo, hakuna kitu. Alikuwa na nakala kwenye diskette. Tukaifungua: vilevile, hakuna kitu.

"Umeona? Hata ya diskette nilifuta. Sijue namna gani, mais nilifuta."

Jenereta ilikuwa na lita moja na nusu. Nje ilikuwa inakohoa, na kila ikikohoa sote tuligeukia dirisha. Nilipima uzito wa ile orodha ndani ya mashine, haukuwa umepungua. Hilo likanipa moyo na kunichanganya zaidi: kitu kilichofutwa hakibaki na uzito. Nilifungua orodha za madarasa mengine, nazo hazikuonekana. Nilizima mashine, nikaiwasha. Nilisafisha mdomo wa diskette kwa shati langu. Ordinatere nyingine niliyoijua Beni, ambayo ningeweza kuijaribia ile diskette, ilikuwa ofisini kwa wale wale waliolala madarasani.

Mama Ngalula alikuwa amesimama nyuma yetu na sinia ya chai ambayo hakuna aliyeigusa.

"Na ile souris yenu," akasema, "nayo iko na shetani."

"Ngalula, tuache," akasema préfet.

"Nasema tu. Ukiisukuma kuume, inatoka mu ekra, inaingia mu ukuta. Inakawia kule, kisha inarudi. Tangu huyu alibeba ekra yake ndogo."

Nilishika souris. Nikaisukuma kulia, polepole. Mshale ukafika ukingo wa ekra, ukapotea. Nikaendelea kusukuma, kama vile nampapasa mtu gizani. Nikarudisha kushoto, ukarudi.

Nikatazama ukuta. Pale ilipokaa ekra yangu ndogo walikuwa wametundika kalenda ya parokia. Mashine ilikuwa bado inaamini kwamba pale pana ekra. Niliiambia hivyo mimi, na hakuna aliyeiambia vingine. Jioni ya mwisho kabla sijaichukua ile ndogo, préfet alikuwa amefanyia kazi upande wa kulia, na ule mtambo wa kufungulia orodha hukumbuka ulipofunguliwa mara ya mwisho. Kwa hiyo kila mara walipogonga lile jina, orodha ilifunguka vizuri kabisa, na majina yote na pointi zote, pale penye kalenda, mahali ambapo hakuna kioo cha kuionyesha. Hata ya diskette.

Vijana, hii mtakutana nayo, hata leo, na mashine zenu nyembamba. Mtu atawaambia kazi yake imefutika, kumbe mmemtolea ekra. Shika kitufe cha Alt, bonyeza kile kirefu cha nafasi, halafu D ya déplacer, yaani sogeza, ikiwa mashine ni ya Kifaransa, halafu kandamiza mshale wa kushoto usiuachie.

Nilikandamiza. Sekunde moja hakuna kitu, mbili, jenereta ikakohoa, halafu kwenye ukingo wa kulia ukatokea ufito wa rangi ya kijivu. Ukapanuka. Safu ya majina ikaingia, kisha safu ya mwaka wa tano, kisha ya mwaka wa sita, zikitoka ukutani kama watu wanaoingia kanisani kwa zamu.

Préfet hakupiga kelele. Alisogea karibu hadi pua yake ikakaribia kioo, akaanza kusoma kwa sauti, jina baada ya jina, kwa ile sauti ya asubuhi ya darasani. Kambale wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kavira wote watano. Alipofika kwa Kahindo, mlangoni pakasikika sauti ndogo ikiitika:

"Présente."

Mama Ngalula akaweka sinia chini, akaondoka kwenda jikoni, na huko tukamsikia anapiga makofi peke yake.

Tulichapa nakala mbili kwenye imprimante ya sindano ambayo utepe wake ulikuwa umechoka hadi herufi zilikuwa rangi ya moshi. Nakala ya tatu mafuta yalikataa. Katikati ya kelele hiyo préfet alinishika bega. "Asante, Kasereka. Na unisamehe kazi yote hii. Ilikuwa mukono yangu, ile Oui."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilijua. Nilisema, "Ilikuwa imejificha tu," nikainama kupanga karatasi.

Ijumaa tulipanda lori pamoja, yeye na mimi, orodha ikiwa chini ya shati lake imefungwa kwa kitenge cha mkewe. Pale kizuizini alikaa wima kama mtu mwenye tumbo bovu. Inspection ilikuwa na foleni ya mapréfet wengine, kila mmoja na bahasha yake na uso wake. Karani akapitisha kidole kwenye majina yetu, akauliza kama shule hii ina watu kweli au ni Kambale mmoja aliyeandikwa mara nyingi.

"Ni numéro," akasema préfet, "yenye baba na mama banapenda."

Mhuri ukapigwa. Kahindo wetu aliandika mtihani mwaka ule, akafaulu, na mbuzi wakarudi kwao wakiwa wanene kuliko walivyokuja. Leo ni muuguzi, na yeye ndiye anayenipa dawa ya mgongo na kunigombeza.

Lakini siku ile, tulipotoka pale, préfet na mimi tuliingia kwa mama mmoja anayeuza fufu, ugali wa muhogo, na sombe chini ya ofisi. Sahani zikaja. Mimi nikanawa. Yeye alikaa anatazama mkono wake wa kuume juu ya meza, hakunawa.

"Hauna njaa, Monsieur le préfet?"

"Tangu dimanche chakula hakipiti." Akaugeuza ule mkono. "Liste imepatikana, sawa. Mais kama haingepatikana? Usiku nilikuwa naangalia huu mukono. Serikali ilinituma, serikali ikanisahau, batoto njo walibaki na miye. Askari balipikia madaftari, nikasema, ngoja, miye niko. Kumbe ni miye nilimaliza kazi ya askari."

Fufu langu likawa zito mkononi.

"Monsieur le préfet, hukufuta kitu."

"Najua, iliku..."

"Hapana. Hata kuificha, si weye. Ile Oui haikufanya kitu, ilikuwa ya mambo mengine. Ni miye. Nilibeba ekra, sikuambia mashine. Nilijua tangu mama alisema souris iko naingia mu ukuta. Nikanyamaza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya Kasai, ambayo nilikuwa nimeambiwa ni marefu.

"Donc, si miye," akasema.

"Si weye."

"Sema tena."

"Si weye, Monsieur le préfet. Ni miye Kasereka."

Akaita maji. Akanawa mikono yote miwili, polepole, hadi viwiko. Akamega tonge, akalichovya katika sombe, akala, akamega lingine. Alipomaliza sahani yake, bila kuniomba, akavuta na yangu.